Umepangiwa Lindi ukitokea Pwani? Linganisha hali ya hewa hivi

Kila zikitoka ajira za walimu na wauguzi, simu yangu haipoi. Watoto wa dada zangu, watoto wa majirani, na wengine nisiowajua kabisa waliopewa namba yangu sokoni Mkuranga. Wote wanaanza na swali moja: "Mama, nimepangiwa Lindi. Kule joto kama huku?"

Swali hilo halikusaidii. Pwani na Lindi ni mikoa jirani, inapakana kule Rufiji na Kilwa, na yote miwili inaangalia Bahari ya Hindi. Ukichukua joto la mchana la huku na la kule, utapata tofauti ya nyuzi moja, pengine usiipate kabisa. Utajiambia hali ya hewa ni ileile, ufungashe, uende. Ikifika Oktoba huna maji ya kufulia, na mahindi uliyopanda kwa mazoea ya Mkuranga yamekaukia ardhini.

Mimi ni Mzaramo wa Mkuranga, nimeolewa na Mmwera wa Lindi. Nimefanya kazi ya uuguzi huku na kule mpaka nikastaafu, na sasa nina mikorosho pande zote mbili. Tofauti ya mikoa hii imejificha kwenye kalenda: mvua inakuja lini, inaondoka lini, na ukavu unadumu muda gani katikati. Ukishajua hayo, mengine yote, nguo, maji, malaria, shamba, usingizi, yanajipanga yenyewe. Haya ndiyo ninayowaambia vijana, leo nayaandika nipumzishe koo.

Kwanza, acha kulinganisha mikoa

Mkoa ni mpaka wa serikali, mawingu hayana habari nao. Pwani inaanzia Bagamoyo na Chalinze, inashuka Kisarawe, Mkuranga, Kibiti na Rufiji, na ina kisiwa cha Mafia baharini. Lindi inaanzia Kilwa ufukweni, inaingia bara mpaka Liwale na Nachingwea. Nachingwea iko mita mia nne na ushee juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai mtu analala na blanketi, na anayekaa Kilwa Masoko anamshangaa.

Kwa hiyo chukua barua yako ya kupangiwa, soma jina la kata, si la mkoa. Halafu uliza mambo mawili: kutoka hapo mpaka baharini ni mbali kiasi gani, na kituo kiko bondeni au mwinukoni? Kama ni kando ya bahari, linganisha na mahali pa kando ya bahari unapopajua. Kisiju kwa Kilwa Masoko ni sawa. Mkuranga mjini kwa Mchinga au Lindi mjini ni sawa. Chalinze kwa Lindi mjini ni kupoteza muda wako.

Hata Lindi mjini penyewe papo pawili. Mji umekaa kando ya ghuba, nyuma yake vilima. Mitaa ya chini jioni hewa inatulia mpaka unasikia mbu akipiga hodi, ya juu upepo unafunga milango wenyewe. Ukitafuta nyumba ya kupanga, nenda ukaitazame saa mbili usiku, usiishie kuiona saa nne asubuhi.

Chora vyumba kumi na viwili

Chukua karatasi, chora vyumba kumi na viwili, Januari mpaka Desemba. Mstari wa juu uwe wa huku kwetu, wa chini uwe wa Lindi. Usianze na milimita za mwaka. Dar es Salaam na Mkuranga, Kilwa na Lindi, jumla ya mwaka inacheza karibu na milimita 1,000, huku juu kidogo, kule chini kidogo. Jumla hiyo inakudanganya kwa kuwa haisemi mvua imenyesha lini.

Mstari wa juu ujaze hivi. Mwishoni mwa Oktoba mpaka Desemba, vuli: mvua za vipindi, leo ipo, kesho kutwa jua. Januari na Februari, kiangazi, jua la kuchoma utosi. Machi mpaka Mei, masika, na Aprili ndiyo mwezi mzito kuliko yote. Juni mpaka Septemba, kipupwe, baridi ya wastani na manyunyu ya hapa na pale yanayokuja alfajiri na kuondoka kabla ya chai.

Mstari wa chini ni mfupi. Novemba mwishoni au Desemba mvua zinaanza, zinaendelea Januari, Februari, Machi, zinamalizika Aprili, zikichelewa mwanzoni mwa Mei. Baada ya hapo, ukavu mpaka Novemba tena. Katikati ya mvua, hasa Januari mwishoni au Februari, wiki kadhaa zinaweza kupita bila tone, wakulima wakaanza kutazama mbingu kwa wasiwasi. Lakini hicho ni kipindi cha ukavu ndani ya msimu, msimu wenyewe haujaisha.

Sababu yake ni ukanda wa mawingu unaofuata jua, mahali pepo za kaskazini na pepo za kusini zinapokutana. Mwishoni mwa mwaka ukanda huo unashuka kusini, unatupitia Pwani, tunapata vuli. Unaendelea kushuka na kutuachia jua la Januari, halafu Machi unarudi, tunapata masika. Lindi iko karibu zaidi na mahali unapogeuzia. Ni kama basi: vituo vya njiani linavipita mara mbili kwa nafasi, lakini kituo cha jirani na mwisho wa safari, likishuka halikawii kupanda. Mvua ya kwenda na ya kurudi zinashikana zinakuwa msimu mmoja.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, inaigawa nchi hivyohivyo. Pwani pamoja na Mafia, Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Pemba ni maeneo ya misimu miwili. Lindi na Mtwara ni ya msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili. Mpaka wenyewe hauko wazi kama ukuta. Kibiti, Ikwiriri na kaskazini mwa Kilwa mvua zinayumba: mwaka huu zinafuata huku, mwakani zinafuata kule. Ukipangiwa huko katikati, waulize wazee watatu tofauti, usimwamini mmoja.

Na ukiuliza, uliza kwa mwezi. Mtu wa Lindi akikwambia "masika" anaweza kuwa na maana ya Desemba hadi Aprili yote. Sema: "Desemba kunanyesha? Juni je?" Utapata jibu lisilo na mtego.

Hesabu ya maji

Hapa ndipo nikae kidogo, maana ndipo vijana wanapoumia. Kama nyumba yako ina bomba la uhakika mwaka mzima, ruka sehemu hii, na umshukuru Mungu.

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba ya bati ya mita 8 kwa 6 ina mita za mraba 48. Toa maji yanayorukia nje na yanayovuja kwenye mifereji, shika lita 40 kwa kila milimita. Mvua ya milimita 25 inakupa lita 1,000. Familia ya watu wanne wasiochezea maji inatumia kama lita 100 kwa siku, yaani lita 3,000 kwa mwezi.

Sasa linganisha. Huku Mkuranga, Juni mpaka Septemba, manyunyu yakikusanyika kufikia milimita 25 kwa mwezi, unachota lita 1,000 kutoka juu ya paa. Upungufu ni lita 2,000 kwa mwezi. Kwa miezi minne, lita 8,000. Matanki mawili ya lita 5,000 yaliyojaa mwishoni mwa masika yanakuvusha. Halafu vuli inayajaza tena, na kiangazi cha Januari na Februari ni kifupi.

Lindi, miezi ya Julai, Agosti na Septemba inaweza kupita bila kufikisha milimita 10 kila mmoja. Hiyo iite sifuri kwa usalama wako. Juni mpaka Novemba ni miezi sita, lita 18,000. Matanki yaleyale mawili ya Mkuranga yatakufikisha mwanzoni mwa Septemba, baada ya hapo unanunua maji kwa dumu kwa watu wa bodaboda, na bei ya dumu Oktoba siyo ya Juni. Paa ni lilelile, matanki ni yaleyale, mvua ya mwaka inakaribiana, lakini upande mmoja una maji na mwingine hauna.

Badilisha namba uweke za nyumba yako. Kinachotakiwa ni kuhesabu miezi mikavu inayofuatana. Namba hiyo moja ina maana kuliko joto lote utakaloambiwa.

Joto linauma lini

Sikusema hakuna joto. Lipo, ila haliji kwa wakati mmoja. Huku kwetu miezi ya kuhema ni Januari, Februari, mpaka Machi kabla masika hayajashika: mchana nyuzi 32 na zaidi, usiku feni inazungusha hewa ya moto. Lindi, Januari mawingu yameshatanda na mvua inapoza. Kwao joto kali ni Oktoba mwishoni, Novemba, mpaka mvua ya kwanza. Jua limeshasogea juu ya vichwa, mawingu bado, ardhi imekauka tangu Mei, upepo umelegea. Mgeni kutoka Dar es Salaam anayepanga kununua feni "kabla ya Januari" anachelewa miezi miwili.

Baridi inafanana. Juni mpaka Agosti usiku unashuka mpaka nyuzi 19 au 20 kando ya bahari, pengine chini kidogo, pande zote mbili. Shuka mbili zinatosha. Kama unaelekea Nachingwea au Liwale, chukua blanketi la kweli na sweta la kuendea kazini asubuhi.

Ukitaka kupima mwenyewe, kipimajoto cha ukutani kinatosha, lakini kitundike kivulini, kimo cha kifua, mahali upepo unapita. Chini ya mwembe ni pazuri. Kukiweka barazani chini ya bati ni kupima joto la bati.

Upepo, nguo na ukungu

Pepo zetu ni mbili na wote tunazijua. Kaskazi inavuma Desemba mpaka Machi. Kusi inaanza Aprili au Mei, inashika nguvu Juni, Julai na Agosti, inalegea Oktoba. Pande zote mbili ni pepo hizohizo, ila linganisha zinakutana na nini. Huku kusi inapoanza, masika bado yapo, kwa hiyo Mei yetu ni upepo na mvua pamoja. Lindi kusi inapoiva, mvua imeshaaga. Upepo wa Julai kule ni mkavu kwa kulinganisha, unabeba vumbi, na watoto wanaamka na macho mekundu. Wavuvi wa ngalawa wanapunguza kwenda mbali, samaki wanapanda bei. Hilo la samaki ni la huku na huku.

Kipimo changu cha unyevu ni kamba ya nguo. Mimi na wifi yangu wa Lindi tuna utaratibu wetu: siku moja, saa nne asubuhi, kila mmoja anaanika kanga moja na suruali ya jinzi moja, zimekamuliwa kwa mkono. Kanga inakwambia habari za jua na upepo. Jinzi inakwambia habari za unyevu wa hewa, maana mshono wa kiunoni hauna haraka. Aprili ananipigia: "Wifi, jinzi yako vipi?" Namwambia imelala ndani tangu jana na imeanza kunuka uvundo. Yake imekauka alasiri, maana mvua za kwao zimeanza kukata. Desemba mambo yanageuka: yake iko barazani, yangu inacheza baina ya mvua na mvua. Fanyeni hivyo mara chache kila mwezi mwaka mzima, hamtahitaji mtu wa kuwaeleza.

Dalili nyingine ziko jikoni na kabatini. Chumvi inayolowa ndani ya kopo, kiberiti kinachosuguliwa mara nne, mlango wa mbao unaokwama Aprili na kulegea Septemba. Viatu vya ngozi vinaota ukungu pande zote mbili, ila kwa miezi tofauti. Na nyie mnaoanza ajira, vyeti vyenu! Nimewaona waliovifungua kwenye begi vikiwa na madoa ya kahawia. Mfuko wa nailoni mzito, uufunge, uuweke juu kabatini, usiegemeze ukutani.

Kama nesi niongeze haya. Malaria ipo mikoa yote miwili, na inapanda mvua zikishaacha madimbwi. Huku kwetu jiandae mara mbili: baada ya vuli, na zaidi baada ya masika, Mei na Juni. Lindi ni kipindi kimoja kirefu kinachoanza mvua zikishashika na kuendelea mpaka zikishakatika. Chandarua ni cha kila usiku wa mwaka, lakini usafishaji wa mazingira una miezi yake. Harara za watoto fuata miezi ya joto niliyotaja. Na kuhara kule kusini angalia mwishoni mwa ukavu, visima vinaposhuka na watu wanapochota popote: chemsha maji Oktoba na Novemba hata kama miezi mingine unajitia moyo.

Tengeneza kipima mvua

Kama utakaa zaidi ya mwaka, na hasa kama utalima hata bustani, pima mwenyewe. Hakuna gharama.

Tafuta chupa ya maji ya lita moja na nusu yenye ubavu ulionyooka, isiyo na mikunjo. Ikate pale shingo inapoanza kunenepa na kufikia upana kamili. Tia kokoto chini ziizuie isipinduke, mimina maji mpaka yafike sehemu ubavu unapoanza kunyooka, piga alama kwa kalamu ya wino usiofutika. Hiyo ndiyo sifuri. Kile kipande cha shingo ulichokata, toa kizibo, kigeuze kichwa chini ukichomeke juu kama faneli. Kinazuia jua lisinyonye maji. Kwa kuwa mdomo na tumbo vina upana mmoja, kila milimita ya rula juu ya alama ni milimita ya mvua.

Kiweke uwanjani, mbali na mti au nyumba mara mbili ya kimo chake, kikibanwa na matofali. Soma kila siku saa tatu asubuhi, saa ileile wanayosoma watu wa vituo vya hali ya hewa, uandike, kisha urudishe maji kwenye alama. Siku isiyonyesha andika sifuri. Usiache wazi. Mwisho wa mwezi wazi na sifuri vinachanganyikana, na kazi yote inaharibika.

Halafu tafuta mwenzako upande wa pili, ndugu au rafiki, awe na chupa kama yako. Mtumiane picha ya ukurasa kwa WhatsApp kila mwisho wa mwezi. Utaona mambo ambayo programu ya simu haikuonyeshi. Programu hizo nyingi zinakisia kwa eneo kubwa, zinakwambia mvua asilimia arobaini, na wewe uko Mkuranga mkavu huku Kisiju kumezama kwa wingu lililoletwa na upepo wa bahari.

Kusoma utabiri wa TMA

TMA wanatoa utabiri wa misimu mara tatu: wa vuli (Oktoba mpaka Desemba), wa msimu (Novemba mpaka Aprili), na wa masika (Machi mpaka Mei). Ukiwa Pwani soma wa vuli na wa masika. Ukiwa Lindi soma wa msimu. Nimewahi kumsikia mtu Lindi akilalamika kuwa utabiri wa masika umemdanganya, kumbe haukumhusu.

Ndani ya utabiri usikimbilie maneno "juu ya wastani" na "chini ya wastani" peke yake. Tafuta wiki ya kuanza, wiki ya kwisha, na kama wametaja vipindi virefu vya ukavu. Kwa mkulima wa Lindi hivyo vipindi ndivyo vinavyoua mahindi. Miaka ya El Niño nayo isomeni kwa akili: inajulikana zaidi kwa kuongeza vuli ya huku kwetu, kama ilivyokuwa 1997 na 2023. Kusini hailingani hivyo, kwa hiyo usimwogopeshe mwenzako kwa mafuriko ya kwenu.

Tahadhari za siku tano zina rangi. Njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Nyekundu ikitaja bahari, usipande boti hata kama nahodha ni mjomba wako.

Vimbunga ni nadra kwetu, maana tuko karibu mno na ikweta. Lakini kadiri unavyoshuka kusini ndivyo unavyokaribia njia yao, na Aprili na Mei mapema ndio muda wa kuwa macho. Lindi inakikumbuka kimbunga cha Aprili 1952. Kenneth ya Aprili 2019 ilipiga kaskazini mwa Msumbiji na kuwahamisha watu Mtwara. Jobo ya Aprili 2021 ililegea kabla haijafika. Hidaya ya mwanzoni mwa Mei 2024 ilifika, ikapitia Mafia, na mvua zake zikakata barabara ya Lindi upande wa Kilwa. Magari yakalala njiani. Angalieni kuwa Mafia ni ya mkoa wa Pwani: kwa hatari hii, kisiwa hicho kiweke kundi moja na kusini.

Shamba linasema nini

Mikorosho yangu ya huku na ya kule inapata hewa tofauti ingawa mti ni mmoja. Maua yanatoka Juni kuendelea, wakati wa ubaridi, na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, unapenda asubuhi za ubaridi na unyevu. Ndiyo maana salfa inapulizwa alfajiri, upepo umetulia na majani yana umande. Hilo ni la pande zote. Tofauti inakuja kwenye kuokota. Lindi korosho zinaanguka kwenye ardhi kavu, Septemba, Oktoba, Novemba. Mkuranga zetu zinachelewa, vuli inazikuta chini ya mti. Korosho iliyolala kwenye majani mabichi inapata madoa, na ikifika ghalani inashushwa daraja. Kwa hiyo huku naokota kila siku na kuanika juani siku mbili tatu; kule naweza kukusanya kwa nafasi. Anayetaka kununua shamba na asikie bei tu, ajue ananunua na kalenda yake.

Ufuta ni kinyume. Unapandwa Januari au Februari, unavunwa Mei na Juni, na unataka jua wakati wa kuvuna. Lindi jua hilo lipo tayari, ndiyo maana mkoa ule unasifika kwa ufuta. Huku Mei bado tuna tope. Mahindi huku unaweza kubahatisha mara mbili, Oktoba na Machi. Kule ni mara moja, mvua zikishashika kweli, na mbegu iwe ya muda mfupi.

Mwezi wa kuhamia

Tarehe ya kuripoti hupangi wewe, lakini mizigo unaipanga. Kutoka Dar es Salaam mpaka Lindi mjini ni kilomita mia nne hamsini na kitu. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe 2003 Rufiji si kikwazo tena kama enzi za kivuko. Kinachosumbua ni maeneo ya Kilwa, mito inapojaa Februari mpaka Mei mapema. Ukiripoti Machi au Aprili, beba godoro, chandarua, sufuria mbili na vyeti. Kabati na makochi yafuate Juni kuendelea. Lori linafika siku moja, na mbao hazilowi njiani.

Matanki nunua kabla ya Novemba, na mifereji ya bati ifungwe mapema kuliko hapo. Mafundi wa mifereji Lindi ni wachache, na wingu la kwanza likionekana kila mtu anawakumbuka siku moja, bei inaruka. Mwite Septemba, wakati amekaa barazani anacheza bao.